Siku Ile Baba Hakuwepo

Nilikuwa na simulizi moja niliyoipenda kuliko zote za utotoni. Nimeisimulia darasani, misibani, hata siku ya mahari yangu mbele ya wageni. Iko hivi.

Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984. Nina miaka kumi, darasa la nne, kwetu Mwembesongo, Morogoro. Jua linawaka. Baba amekaa kizingitini, redio iko juu ya kigoda pembeni yake. Muziki unakatika, na sauti ya Mwalimu Nyerere mwenyewe inatangaza kwamba Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, amefariki kwa ajali ya gari akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Baba anasimama. Anavua kofia yake ya pama, anaibana kifuani, na kubaki hivyo kimya, jua likimchoma utosini, mpaka mama anatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Ningeweza kuapa. Naiona ile kofia hata sasa, na mstari wa jasho uliozunguka ukingo wake.

Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 nilikuwa nyumbani kwangu Dar es Salaam, nasahihisha madaftari ya wanafunzi, televisheni ikiwa wazi kwa sauti ya chini. Makamu wa Rais, Mama Samia Suluhu Hassan, akatokea kwenye TBC na kututangazia kwamba Rais John Pombe Magufuli amefariki dunia. Haikupita dakika kumi kundi letu la familia kwenye simu likaamka. Kaka yangu mkubwa yuko Mwanza, mama yuko Morogoro kwa mdogo wetu wa mwisho, wengine wametawanyika. Tukatumiana pole, dua, maswali. Halafu kaka akaandika: "Mnakumbuka usiku wa Sokoine?"

Nikamjibu kwa haraka ya mtu anayejua. Nikaandika habari ya kizingiti, ya jua, ya Baba na kofia.

Kaka alikaa muda bila kujibu, kisha akapiga simu. Hakunicheka. Alisema taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kuna hitilafu kwenye hesabu: "Mdogo wangu, Baba hakuwepo siku ile. Na ilikuwa usiku. Mvua ilikuwa inanyesha."

Nilibisha. Nikamwambia amezeeka. Akaniambia nimuulize mama.

*

Mama alizaliwa mwaka 1948 huko Matombo, milimani Uluguru, na kumbukumbu yake ni ya mtu aliyeishi bila kuandika: haijui sana tarehe, ila inajua nani alikuwa amevaa nini na chakula kilikuwa nini. Asubuhi iliyofuata nilimpigia. Tukaanza na msiba wa taifa, akamwombea marehemu, akamwombea na Mama Samia. Ndipo nikamuuliza habari ya Sokoine.

"Baba yako alikuwa Turiani," alisema bila kufikiri. "Alikuwa na wakulima wake wa mpunga. Siku ile hakurudi. Sisi tulisikia kwa jirani, maana redio yetu haikuwa na mawe."

Hapo kitu kikanishtua. Mawe, yaani betri. Miaka ile ya uhaba mawe ya redio yalikuwa adimu kama sukari na sabuni. Yakilegea hukuyatupa. Uliyatoa, ukayaanika juani juu ya jiwe au bati siku nzima, jioni yakakupa nusu saa nyingine ya taarifa ya habari. Kazi ya kuyaanika na kuyalinda ilikuwa yangu, kuku wasije wakayapiga teke. Nikakumbuka kuchuchumaa uani nikiyahesabu, moja mbili tatu nne, na joto lake kiganjani.

Basi lile jua la simulizi yangu lilikuwepo kweli. Lilikuwa jua la mchana, la mawe. Nilikuwa nimelichukua na kulibandika kwenye tangazo lililokuja baada ya giza.

Tena mimi ni mwalimu wa Historia. Ajali ile ilitokea alasiri, Dakawa, si mbali sana na mjini kwetu, na tangazo la Mwalimu likaja baadaye siku hiyohiyo. Nimefundisha mambo haya. Nimeandika ubaoni tarehe, mahali, vita dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 iliyomfanya Sokoine apendwe na wengi na aogopwe na baadhi, umri wake wa miaka 45, kaburi lake Monduli. Nimewaambia wanafunzi kwamba chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa Morogoro mwezi Julai mwaka ule kikapewa jina lake. Lakini sikuwahi kujiuliza jua kali kama lile lilitoka wapi saa ya tangazo. Ushahidi wa vitabu niliupekua, wa kwangu nikauacha upite bila kuulizwa.

Na kofia je?

Kofia niliipata baada ya siku kadhaa, nikiwa nafua. Ilinijia yenyewe.

Oktoba 1999 nilikuwa na miaka 25, nimepanga chumba Magomeni. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14, Alhamisi pia, na Rais Mkapa akatutangazia. Wiki iliyofuata, mwili ulipowekwa Uwanja wa Taifa watu waage, Baba alipanda basi la alfajiri kutoka Morogoro. Alikuwa amestaafu, miguu imeanza kumsumbua. Hakuwa mtu wa chama wala wa mikutano, na vijiji vya ujamaa alikuwa na manung'uniko yake navyo kama bwana shamba aliyeona mashamba mazuri yakiachwa. Lakini alikuja. Tulipanga foleni pamoja tangu asubuhi, foleni ambayo mwanzo wake hatukuuona. Watu walikuwa wakigawana maji na mihogo na wasiowajua. Wanawake walikuwa wamejifunga vitambaa vyeusi. Mkono wa Baba ulikuwa begani kwangu muda wote, mzito.

Bado tuko mbali kabisa na geti, akavua pama yake. Akaibana kifuani. Nikamwambia, "Baba, vaa kofia, jua kali." Akasema, "Acha, mwanangu."

Alitembea hivyo mpaka mwisho, utosi ukimeta kwa jasho.

Kwa hiyo nilichokuwa nasimulia kwa miaka yote hiyo kilikuwa siku mbili zilizoshonwa pamoja: jua la mawe ya redio la 1984, kofia ya 1999, na katikati yake sauti ya Nyerere akitangaza msiba wa mwenzake. Na mshonaji nilikuwa mimi, bila kujua. Baba alifariki 2006. Nadhani kuanzia hapo nilihitaji awepo kila mahali.

*

Zamani kidogo nilikuwa nimesoma habari za watafiti wawili wa Marekani, Ulric Neisser na Nicole Harsch. Asubuhi baada ya chombo cha anga Challenger kulipuka, Januari 1986, waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike walikuwa wapi na walisikiaje. Baada ya zaidi ya miaka miwili wakawauliza tena. Wengi walisimulia mambo tofauti na waliyoyaandika, huku wakiwa na uhakika mkubwa. Hata walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, wapo ambao kumbukumbu mpya haikuwatoka. Niliposoma nilidhani hilo ni jambo la watu wa televisheni, si la sisi tuliolelewa kwa kusimuliana.

Simu ya kaka ilipokatika usiku ule sikulala. Asubuhi, tarehe 18 Machi, niliingia darasani kidato cha pili. Watoto walikuwa kimya kuliko siku yoyote. Sikuwafundisha kitu. Niliwapa kila mmoja karatasi na kuwaambia: andika ulikuwa wapi ulipopata habari, nani alikuambia, ulikuwa umeshika nini mkononi, nani alikuwa karibu. Usiandike ulivyojisikia, hayo tutayazungumza. Nikazikusanya, nikazifunga kwa kamba, nikaziweka sandukuni pamoja na vyeti vyangu.

Mwaka 2023, wakiwa kidato cha nne wanajiandaa na mtihani, niliwauliza tena. Wengi waligusa pale pale. Wengine walipotea njia kwa mambo madogo: shangazi alikuwa mama mkubwa, uji ulikuwa chai. Ila kuna binti mmoja, makini sana, aliyeandika kwa undani kwamba alimwona Mama Samia kwenye televisheni usiku ule, yeye na bibi yake, na kwamba bibi alianguka kwenye kochi. Karatasi yake ya 2021 ilisema alikuwa amelala, akapata habari alfajiri bombani kwa mama anayeuza maji, akiwa ameshika ndoo ya njano.

Nilimwita pembeni nikampa karatasi. Aliisoma mara mbili. Akasema, "Mwalimu, mwandiko ni wangu. Lakini mimi niliona."

Sikumrekebisha. Ningemrekebisha kwa mdomo gani? Nilimuuliza tu ndoo ile ya njano iko wapi siku hizi. Uso wake ukabadilika. Akasema ilipasuka, bibi akaifanya ya kupandia mchicha. Tukaongea juu ya ndoo karibu kipindi kizima, na katikati ya maongezi akasema, kama mtu anayeokota kitu kilichodondoka: "Yule mama wa maji alifunga bomba, akasema leo hakuna kuuza."

Hicho kilikuwa kipande cha kweli, na hakikuwemo hata kwenye karatasi.

Tangu hapo nimebadili namna ya kuuliza, darasani na nyumbani. Simuulizi tena mtu mzima, "Ulikuwa wapi nchi ilipopata uhuru?" Ukimuuliza hivyo anajiweka sawa, anakupa hotuba. Atakueleza bendera, mwenge juu ya Kilimanjaro, usiku wa manane. Mama yangu alinipa hayo mara nyingi, hadi siku nilipomuuliza Desemba ile ya 1961 walikuwa wanakula nini. Akacheka. "Mimi sikula. Nilikuwa na homa. Wenzangu wote walikwenda ngomani, nikaachwa na bibi, nimelishwa kwinini. Nilisikia ngoma kwa mbali nikalia kwa hasira." Kisha akasema jambo ambalo nimeliandika kama alivyolitamka: "Uhuru wangu mimi ni ladha ya kwinini."

Alikuwa na miaka 13. Karibu miaka 60 alikuwa akitusimulia ngoma ambayo hakuicheza, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tunamuuliza.

Vilevile nilijifunza kwamba siku kubwa za vitabuni si lazima ziwe siku kubwa za watu. Niliwatuma wanafunzi wawaulize babu na bibi zao kuhusu Azimio la Arusha, Februari 1967. Mmoja akarudi mnyonge, babu yake amesema hakumbuki chochote. Nikamwambia amuulize kitu kizito kuliko vyote alichowahi kubeba. Akarudi na kurasa tatu. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, babu yule alibomolewa nyumba na kuhamishiwa kijiji kipya. Aliubeba mlango kichwani, mlango wa mninga aliouchonga mwenyewe, kwa sababu alijua kule hakuna mbao. Mlango huo ndio uliofungua na kufunga maisha yake mapya, na bado uko. Mtoto alikuwa akilala nyuma ya mlango huo tangu azaliwe bila kujua.

*

Kuna jambo moja linanibana moyo nikiliandika, lakini nisipoliandika nitakuwa nimesema nusu.

Mwezi Mei 1996 nilikuwa chuo cha ualimu. Chumbani tulikuwa wanne, mmoja wetu ametoka Bukoba. Tarehe 21, Jumanne, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi chake. Meli ya abiria 430 ilizama na mamia zaidi ya hao. Kwa siku nyingi redio ilisoma majina. Mwenzetu alikuwa amefiwa na watu watatu wa nyumba moja.

Sisi wengine watatu, kila tukikutana miaka ya baadaye, tumekuwa tukiulizana: wewe ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa napanga foleni ya chakula, mwingine alikuwa maktaba, na kadhalika. Tunasimulia kwa undani. Yeye hajawahi kusimulia. Siku moja, kwenye harusi ya binti yake, mmoja wetu alimuuliza kwa wema kabisa kama anakumbuka alivyopata habari. Alimwangalia muda, akasema, "Bado naipata," na akainuka kwenda kuwahudumia wageni.

Nimefikiri sana juu ya jibu lile. Anayeuliza "ulikuwa wapi" mara nyingi ni yule aliyekuwa mbali. Swali linatusaidia sisi wa pembeni tujisogeze karibu na jambo, tupate mahali pa kusimama. Aliyekuwa ndani yake hana haja ya mahali. Tarehe 7 Agosti 1998, Ijumaa ile ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Dar es Salaam na mwingine Nairobi, mimi nilikuwa Kinondoni. Nakumbuka kunguru wakiruka wote kwa pamoja, anga ikawa nyeusi. Nimewahi kulisimulia hilo kwa ufasaha mbele ya mwanamke ambaye, nilikuja kujua baadaye, aliachwa mjane siku ile. Watu 11 walikufa Dar es Salaam peke yake, na Nairobi zaidi ya 200. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru. Siwasimulii watu kunguru wale tena kabla sijajua aliye mbele yangu alikuwa wapi, na mara nyingi najua kwa kukaa kimya kwanza.

Kwa hiyo nikimpata mtu ambaye jambo lilimgusa mwilini, siulizi. Nakaa, namenya naye viazi, nasubiri. Nikimpata wa pembeni kama mimi, naanza na mkono: ulikuwa umeshika nini? Nawauliza ndugu wawili mbali mbali kabla hawajakaa pamoja, maana wakishakaa pamoja mmoja anameza habari za mwingine. Na juu ya ukurasa naandika tarehe mbili, ya tukio na ya siku niliyosimuliwa. Hiyo ya pili ni muhimu sawa na ya kwanza, na wanafunzi wangu nawakata alama wakiisahau.

*

Nilibaki na deni moja. Kama simulizi yangu ya Aprili 1984 haikuwa ya kweli, ya kweli ilikuwa ipi? Nilirudi kwa mama.

Alinieleza kwamba Ijumaa, siku ya pili yake, Baba alirudi jioni. Kutoka Turiani kuja mjini barabara inapita Dakawa, kwa hiyo alikuwa amepita pale pale. Kwa muda wote walioishi pamoja baada ya hapo hakuwahi kumwambia mama aliona nini, wala kama aliona chochote. Alifika, hakuingia ndani, akakaa kizingitini na mabuti yake ya mpira miguuni. Mama alimpelekea maji, hakuyanywa. Alikaa mpaka kiza kikaingia.

Kizingiti, basi, kilikuwa cha kweli.

Nilijaribu kujiona pale. Nilifumba macho, nikatafuta ule ua, mwembe, harufu ya moshi wa mkaa. Sikupata kitu. Baba halisi wa siku ile, aliyekuwa amechoka na hataki kusema, nilikuwa nimempoteza kabisa, nikabaki na yule wa kofia niliyemtengeneza.

Nikampigia kaka Mwanza. Nilimuuliza kama nilivyojifunza kuuliza: Ijumaa ile, wewe ulikuwa umeshika nini?

Alifikiri. Nikasikia mtoto akilia nyuma yake, na mlango ukifungwa.

"Buti la Baba," alisema. "Nilimvua. Lilikuwa na ule udongo mweusi wa mbugani, unaonata kama gundi. Nilikuwa nautoa kwa kijiti."

"Na mimi? Nilikuwa wapi?"

"Wewe ulikuwa pembeni yangu hapo hapo chini," alisema. "Ulikuwa umeshika la pili."